Nilisema Mto Umewameza

Nimekosa, na sitazunguka. Mtu alikufa kwa sababu ya mdomo wangu, na mdomo huo huo ndio unaowasimulia sasa. Msinionee huruma! Atakayenionea huruma baada ya kusoma haya, basi hakusoma.

Mimi ni fundi. Nilijifunza kutengeneza redio na mashine ndogo ndogo nikiwa mkimbizi Uganda. Amani ilipokuja nikarudi Juba, nikafungua kibanda Kator, karibu na kanisa.

Nilirudi pia na gazeti kuukuu la picha. Ndani yake mlikuwa na habari za bahari ya Bermuda, ambako meli hupotea na mabaharia wake wote. Meli inakutwa inaelea, chakula kiko mezani, watu hakuna! Wengine wanasema chini ya bahari kuna sumaku inayovuta chuma. Wengine wanasema maji yanafunguka kama mlango, kisha yanajifunga. Wengine wanataja viumbe kutoka angani.

Niliyasoma hayo kibandani, nikiyafasiri, na watu wakijaa hadi nje. Siku moja, ili wasiondoke, nikaongeza langu: "Hata mto wetu una mahali kama hapo. Kule chini, mkishapita Terekeka."

Uongo mtupu! Sikuwahi hata kufika Terekeka. Lakini waliniita Mwalimu, na mimi nililipenda jina hilo kuliko kazi yangu.

Lado alikuwa jirani yangu na rafiki yangu. Tulikaa kambi moja Uganda, tukala sufuria moja. Alikuwa na boti yenye mashine, akiitumia kuleta samaki wakavu kutoka Bor. Asubuhi moja aliniletea mashine hiyo. Waya unaopeleka moto kwenye plagi ulikuwa umekatika.

Waya wa kufaa sikuwa nao. Nilikuwa na waya mwembamba wa redio tu. Na kibandani watu walikuwa wamekwisha kaa wakingoja hadithi. Nikaunga haraka haraka, nikafunga.

"Iko na nguvu?" Lado akauliza.

"Enda tu, ndugu yangu. Iko kama mpya."

Alicheka, akaibeba begani. Akaondoka bandarini pamoja na Wani, mwenzake wa kazi. Walisema watarudi baada ya siku sita.

Siku ya tisa mke wake, Poni, alisimama mlangoni pangu. Hakuingia. "Mwalimu, Lado hajarudi."

Moyo wangu uliruka moja kwa moja kwenye ule waya. Nasema kweli, niliuona machoni! Lakini nilimjibu kwamba mto una mambo yake, asubiri.

Pitia, mdogo wake Lado, aliazima boti ili akawatafute. Kabla ya kuondoka alikuja kuniuliza mbele ya watu bandarini: "Fundi, ile mashine ilikuwa muzuri?"

Hapo ndipo. Ningesema neno moja tu: hapana. Nikasema, "Ilikuwa nzuri kabisa."

Palikuwa na mzee mmoja, nahodha wa majahazi yanayokwenda kaskazini. Alisema, "Maji haichukui mtu bure. Mashine ikikufa, mto nasukuma boti ndani ya majani. Pitia, ingia ndani ya majani, tafuta huko."

Nikamcheka! "Mzee, mashine ilikuwa nzima, nimesema. Huko hakuna ajali. Ni kama Bermuda. Watu wanachukuliwa na boti yao."

"Kalam fadi!" mzee akafoka. Maneno matupu, kwa Kiarabu chetu cha Juba. Akatema mate karibu na mguu wangu.

Watu wakanitazama mimi, wakamtazama yeye. Nikamwuliza amesoma kitabu gani maishani mwake. Wakacheka. Mzee akaondoka zake. Mnajua kwa nini walinifuata mimi? Kwa sababu hadithi yangu ilikuwa tamu! Nanyi mngenifuata, msijifanye wema.

Pitia alikwenda hadi Bor katikati ya mto, kwa sababu boti yenye mashine nzima haina la kufanya kwenye vijito vya pembeni. Na wenzake waliogopa kusogelea yale majani marefu yanayoota na kuelea kandokando ya mto, nami ndiye niliyewatia woga huo. Akarudi mikono mitupu.

Basi tukaweka matanga. Ndiyo, "tukaweka", kwa sababu nilikuwa mbele! Nilikaa mkekani karibu na Poni, nikamweleza habari za meli, sumaku, maji yanayofunguka. Nikamwambia mume wake hakuumia, alipotea tu kama kufumba jicho. Alinishukuru. Alinishika mkono akanishukuru!

Wiki moja baada ya matanga, wachunga ng'ombe wa Kimundari walimleta Wani kwa mtumbwi.

Alikuwa mifupa na macho. Waya ulikuwa umekatika siku ya kwanza tu, chini ya Terekeka. Mkondo ukawaingiza kwenye kijito, visiwa vya majani vikaja nyuma yao vikaziba njia. Walikuwa na kasia moja. Walikula mizizi ya yungiyungi na samaki wabichi. Kisha homa ikamkamata Lado. Alikufa siku nne kabla Wani hajapatikana.

Pitia alimwuliza kama walisikia boti yoyote.

"Tulisikia," Wani akasema. "Ilipita karibu. Lado alivua shati akapunga. Tulipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Haikuingia."

Pitia alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Halafu akainuka, akaja kwangu. Alinipiga mpaka jino likatoka, na hakuna mkono ulionyanyuka kunisaidia. Hata mwinjilisti wa lile kanisa la jirani aligeuka akatazama ukuta. Walikivunja kibanda changu ubao kwa ubao mchana kweupe. Sikulalamika. Ningemlalamikia nani?

Poni ndiye aliyeniua. Hakunigusa. Alipenya katikati ya watu, akasimama juu yangu mimi nikiwa bado mavumbini. "Siku ile ya matanga, ulipokuwa unaniambia habari za bahari, Lado alikuwa hai?"

Nikahesabu siku. Ee Mungu, nilihesabu!

"Ndiyo."

"Na ulijua mashine ni mbovu?"

"Ndiyo."

Hakulia. Alisema, "Basi mimi nilikaa na wewe tukamzika mtu aliye hai." Akaenda zake. Tangu siku hiyo hajanitazama usoni, nami nampisha njia.

Sasa nakaa Lemon Gaba, pembezoni mwa Juba, nalima mihogo. Mke wangu alirudi kwao. Ninapokwenda Kator, wanawake hunyamaza hadi nipite. Wanangu wanaitwa watoto wa Mto. Wanichukie mimi, sawa! Watoto wamekosa nini?

Na lipo baya zaidi. Hadithi yangu haikufa. Juzi bandarini kijana mmoja mgeni alinisimulia mahali chini ya Terekeka panapomeza boti. Sumaku chini, maji kama mlango, maneno yangu yale yale! Nikamwambia si kweli, pale ni majani tu, na mtu alikufa humo akipunga shati. Akanicheka, akasema mimi mzee mjinga sijasoma.

Basi nyinyi mnaopenda habari za watu waliopotea majini, mnaokaa na kubuni sababu huku chai ikipoa, nawaambia: fungeni midomo! Na wewe unayejua kitu, hata kidogo, hata cha kukuaibisha, kiseme leo, kiseme mbele za watu. Aibu utaizoea, mimi nimeizoea. Kabla hujasema maji yamemla mtu, ingia kwanza ndani ya majani, ukaite jina lake.