Harufu ya Maziwa Bado Imo

Mtaa mzima wa Bulla Pesa bado unanicheka, kwa hivyo heri mnisikie mimi mwenyewe.

Mimi ni mhudumu wa maktaba hapa Isiolo. Jumamosi, kwenye maonyesho yetu, nilipewa kazi ya kuwaeleza watu sanaa ya gorfa, chombo cha maziwa ambacho Waborana husuka kwa mizizi. Nilikuwa nimesoma kitabu kimoja tu, nikajiona profesa.

Nikainyanyua gorfa iliyokuwa mezani. Ilikuwa nzito ajabu. "Mnaona? Kazi ya zamani haikuwa nyepesi!"

Mama Halima, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, akainua mkono.

"Maswali ni mwishoni, mama."

Nikanusa kifuniko. "Haijatumika miaka mingi, lakini harufu ya maziwa bado imo!"

Akainua mkono tena. Nikamnyamazisha kwa kiganja. Halafu, ili wote waone ufundi wa kitako, nikaiinua juu ya kichwa changu, nikaipindua.

Kifuniko kilitangulia. Maziwa yakafuata, yakanitiririka mpaka ndani ya viatu.

"Wallahi mwalimu," akasema Mama Halima polepole, "sasa naweza kuongea? Hiyo ni yangu, nilikuwa naipeleka sokoni, nikaitua hapo nikusikilize. Ya maonyesho uliiweka dirishani."