Kilichokuwamo Ghalani mwa Gustl

Jerneja Kotar alikuwa na swali moja, na watu wa Podlipje walilichoka kuliko walivyoichoka mvua ya Aprili. Kuna nini humo ndani? Aliliuliza mbele ya stoo ya mkulima, mbele ya gari lililopinduka, mbele ya pipa lolote lisilo na maandishi. Mumewe alisema hata mbinguni atamsimamisha Mtakatifu Petro mlangoni, amwulize kwanza kuna nini ndani na karatasi za mzigo anazo nani.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la maziwa kutoka mabanda ya wafugaji mlimani hadi kiwandani mjini. Kwenye barabara kuu alipishana na matangi yenye vibao vya rangi ya chungwa, akasoma namba zake kwa sauti kama bibi asomaye rozari. Namba ya juu inakuambia kitu hicho kinaua vipi, ya chini inakuambia ni kitu gani. Ukiona herufi X imetangulia namba ya juu, maji yako yaache kwenye gari. Hakuzijua zote, wala hakujifanya anazijua. Zile asizozijua aliziandika kwenye kiganja, na akifika nyumbani anazitafuta kabla ya kunawa.

Hasira yake ilikuwa na chanzo. Pale kiwandani bomba la amonia ya majokofu lilipasuka, na msimamizi akawaambia waliokuja kuokoa watu kwamba hiyo ni harufu ya dawa ya kusugulia sakafu tu, kwa sababu wiki ile walikuwa wakingoja wakaguzi na hakutaka maneno. Milka, rafiki yake Jerneja, aliingia na kitambaa kibichi puani kumtafuta mwenzake. Alitoka akiwa na macho yasiyotenganisha tena mchana na usiku. Msimamizi alipeleka maua hospitali. Jerneja aliyabeba maua hayo mpaka ofisini kwake, akayaweka juu ya kiti cha msimamizi, akaondoka. Majira ya kuchipua yaliyofuata alijiunga na kikosi cha zimamoto cha kijiji.

Kikosi hicho ni cha kujitolea, kama vilivyo vya vijiji vyote huku. Ukutani mwa nyumba yao amechorwa Mtakatifu Florian akimwagia ndoo ya maji nyumba inayoungua, na Jerneja alisema ndiye aliyewaharibu: ukiona moto, mwaga. Tena mwaga upesi, maana ng'ambo ya kilima kuna kijiji cha Selnik na kikosi chake, na tangu enzi za babu zao kikosi kinachotangulia kumwaga maji ndicho chenye mdomo mwaka mzima. Podlipje walikuwa radhi ghala liteketee, ili mradi wao ndio walioanza kulilowesha.

Kwenye mkutano wa wanachama wakati wa baridi, Jerneja alisimama akaomba jambo moja. Kabaidi ya Pasaka, yale mawe ya kijivu ambayo vijana huyatia mate kidogo ndani ya debe la maziwa, wakafunga na kuwasha ili lilie kama mzinga, yakae hapa kwenye nyumba ya kikosi, na alama yake ya buluu, ya vitu vinavyotoa gesi ya kulipuka vikiguswa na maji, ionekane. Yasifichwe kwenye maghala.

Mwenyekiti, mzee Avgust Zorman, ambaye kila mtu alimwita Gustl, alicheka mpaka akajifuta macho.

"Jerneja mwanangu, sisi tulikuwa tunapiga kabaidi kabla mama yako hajajua kusuka nywele."

"Ndiyo maana nusu yenu ni viziwi, mzee."

Watu walicheka. Gustl hakucheka tena. Alinyanyua mkono wa kulia kama mtu anayeapa. "Hakuna kabaidi kwenye ghala lolote la kijiji hiki. Nimesema mimi. Au neno langu nalo lina kibao cha chungwa?"

Wakampigia makofi.

Mwaka ule mvua ilinyesha kuanzia Jumamosi Kuu hadi jioni ya Pasaka. Vijana walipiga milio michache, debe likajaa tope, wakaenda kula nyama ya paja kwa mzizi mkali unaotoa machozi. Jumatatu jua likatoka na upepo wa kukausha. Baada ya chakula cha mchana king'ora kikalia: waya uliozeeka ulikuwa umewasha ghala la Gustl.

Kamanda alikuwa amekwenda kula sikukuu kwa wakwe zake, hivyo Jerneja ndiye aliyeongoza gari. Alilisimamisha mbali, upande unakotoka upepo, na hilo peke yake likawaudhi wenzake. Slavko, mdogo wake, alikuwa amesharuka na mpira wa maji begani. Slavko ndiye aliyetangulia siku zote. Mama yao alipokuwa anakufa alimwambia Jerneja neno moja tu juu ya mtoto yule: mshike.

"Subiri," Jerneja alisema.

"Nisubiri nini? Dada, tazama kule juu. Selnik hao, wanateremka."

"Nimesema subiri." Akamgeukia Gustl. "Mzee, kuna nini humo ndani?"

"Nyasi."

"Na nini?"

"Na chokaa ya kupaka zizi. Utaniuliza mpaka libaki jivu? Mwageni maji, watu wazima nyie."

Yalikuwa maneno ya kawaida ya mtu anayeunguliwa. Lakini Jerneja alikuwa ameshaona watu wengi wakiunguliwa. Mwenye ghala hukimbilia ghala. Unamzuia kwa nguvu, unamshika kiuno, anakupiga teke. Gustl alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta wa mawe wa jirani. Mkewe, Bibi Rezka, alitoka zizini na ndoo imejaa, akakimbilia moto. Gustl aliruka ule ukuta, mzee yule wa magoti mabovu, akamdaka mkono, akamrudisha nyuma, kisha akachukua ndoo na kuimwaga chini pale pale barabarani.

Jerneja aliona maji yale yakitiririka mtaroni. Alimnyang'anya Slavko mpira, akauburuta hadi kwa Gustl, akamwekea mdomo wa mpira kifuani.

"Shika."

"Nini hiki?"

"Ghala ni lako, mwenyekiti ni wewe. Maji ya kwanza ni heshima yako. Mimi nakushikia mpira nyuma. Twende."

Bibi Rezka akamtazama mumewe. Gustl hakuinua mikono.

"Magoti yananiuma."

"Nitakushika kiuno."

"Jerneja, mbele za watu..."

"Mbele za watu ndiyo. Mdogo wangu ulikuwa unamwachia aende. Twende basi, mimi na wewe, kama ni chokaa."

Mzee alisema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye ndoo tupu. "Mapipa mawili. Moja liko wazi."

Jerneja alifunga maji, akawaamuru wote warudi nyuma ya gari na gari lirudi nyuma zaidi. Selnik walishafika, wanakunjua mipira wakikimbia, wanazomea.

"Podlipje vipi, maji yamewaishia au mnaogopa moshi?"

Alisimama mbele ya gari lao, mikono ameitanua. "Kabaidi. Anayetaka kumwona Florian leo, apite."

Mpira wa kwanza wa Selnik ulianguka chini. Hapakuwa na mzomeo tena.

Walilowesha paa la jirani tu, lililokuwa upande wa mbali, wakaliacha ghala lijimalize. Unyevu wa mvua ya siku mbili ulikuwa umejikusanya chini ya lile pipa lililo wazi, na ukatosha. Mwali mweupe ulipasuka kupitia paa, vigae vikaruka vikavunjika pale pale Slavko alipokuwa amesimama hapo kwanza na mpira wake. Na hayo yalikuwa maji ya tope tu. Wao walikuwa wamekuja na tangi zima.

Jioni haijaingia, Slavko alikaa kwenye ngazi ya gari, kofia yake mapajani.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ya mapipa. Sote tulijua. Mimi ndiye niliyeyabeba, tukaikwangua ile alama ya buluu tukaandika chokaa. Nilidhani Pasaka imeyamaliza. Nilisahau kwamba mvua ilitukatiza."

"Ulikuwa unaenda na maji."

"Nilidhani yamekwisha, dada."

"Hukumwuliza."

"Ningemwulizaje mzee mbele ya Selnik? Aliapa mkutanoni."

Hapo Jerneja aliuelewa uchafu wote wa jambo lile. Gustl angemwacha Slavko afe ili asionekane mwongo. Hilo alikuwa amelijua tangu kwenye ukuta. Lakini Slavko naye angekufa ili Gustl asionekane mwongo, na angeona ni adabu njema. Alinyosha mkono akamshika ukosi wa koti, akamvuta mpaka nyuso zao zikakaribiana, akamwachia.

Jumapili ya Mtakatifu Florian, mwezi wa tano, vikosi vilijipanga kwenda kanisani na bendi yao. Kijijini walikuwa wakisema Jerneja aliliacha ghala la watu liungue na tangi limejaa. Bendera alikabidhiwa Gustl, kama kila mwaka. Alipita mbele ya safu akiwaamkia kwa salamu ya wazimamoto.

"Msaadani."

"Msaadani," kila mmoja alijibu.

Alipofika kwa Jerneja, alingoja. Jerneja alimtazama tu, mikono yake ikiwa mgongoni, mpaka mzee akasogea kwa mwingine.

Ndipo Slavko akaja na mkokoteni, akiwa na sare kamili, jasho linamtoka. Juu yake palikuwa na pipa. Ubavuni alikuwa amepaka kwa mkono ile alama ya buluu yenye mwali wa moto. Alilishusha kwenye mlango wa nyumba ya kikosi, mbele ya safu nzima. Wanaume kadhaa walichunguza viatu vyao.

"Lilikuwa kwangu," alisema. "Chini ya kuni."

Jerneja alilizunguka pipa, akagusa rangi kwa kidole. "Bado mbichi. Na mwali umeupinda."

"Nitaupaka upya."

"Na mengine yako wapi?"

Slavko aliinamisha kichwa, kisha akaangalia safu, mtu hadi mtu. Bendi ikaanza kupiga. Bendera ikainuka, watu wakaanza kutembea kuelekea kanisani. Jerneja alitoka kwenye safu, akashika njia ya chini kuelekea lango la nyumba ya kwanza, ambapo nyanya wa nyumba ile alikuwa amebaki kuangalia chungu. Nyuma yake alisikia magurudumu ya mkokoteni mtupu yakimfuata. Hakugeuka. Aligonga lango kwa ngumi.

"Kuna nini humo ndani?"