Kimya cha Kituo cha Juu

Kila asubuhi saa moja, kabla hata ya kuvua koti, fundi wa redio katika karakana ya idara ya misitu alikiita kituo cha mlimani. "Kituo cha juu, karakana hapa. Mnanipata?" Kisha alisikiliza mvumo mtupu mpaka chai yake ikapoa. Mlinzi wa moto kule juu alikuwa mdogo wake, na wiki ya tatu sasa alikuwa haitiki.

Sababu aliijua, au alidhani anaijua. Mama yao alipozidiwa, yeye hakumwita mdogo wake. Mama ndiye aliyemkataza: mwache na kazi yake, nitapona. Mdogo mtu alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

"Kutwa unaita watu, dada," alimwambia. "Ila mimi hukuniita." Akarudi mlimani bila kuaga.

Alhamisi, dereva anayepeleka chakula huko mara moja kwa mwezi alitua sanduku mezani.

"Redio ya juu. Imekufa."

"Imekufa lini?"

"Liulize sanduku."

"Na mdogo wangu anasemaje?"

"Sikumkuta, alikuwa doria. Mwenzake ndiye kanipa. Mbona unanikodolea macho, fundi? Mimi nabeba unga, sibebi barua."

Fundi aliitoa redio sandukuni. Aliifuata kazi kwa utaratibu wake: kwanza umeme, kisha kusikia, mwisho kusema. Umeme ulikuwa sawa. Aliipa redio mawimbi hafifu kabisa, ikayapokea vizuri. Akaiunganisha na kopo la chuma linalomeza mawimbi yasitoke nje, akabonyeza kitufe cha kuongea. Mshale wa mita haukutikisika.

Alifungua mfuniko. Transista ya kurushia sauti ilikuwa imeungua, na ubao kuizunguka umegeuka rangi ya kahawa. Akaichukua kebo ya antena iliyokuja nayo. Kwa nje ilikuwa nzima. Ndani ya plagi, waya umekatika.

Kosa hili alilijua. Hufanywa na watu wa vituo vya mbali tu. Upepo hutikisa mlingoti, waya hukatika, na bado wanasikia kwa mbali. Wakiona hawajibiwi, hudhani hawajabonyeza vya kutosha, basi hubonyeza tena, kwa muda mrefu zaidi. Nguvu ikikosa pa kutokea hurudi ndani na kuunguza. Lakini haiunguzi hivi kwa siku moja. Ubao ule ulikuwa umeiva taratibu, asubuhi baada ya asubuhi.

Akakaa kitako.

"Alikuwa ananiitikia," alisema.

"Si nimekwambia imekufa?"

"Imekufa kwa kuitika."

Dereva alikuna kichwa, akarudi garini.

Fundi alibadilisha transista, akatengeneza plagi mpya, akajaribu mpaka mshale ukasimama panapotakiwa. Mwezi huu gari lingepanda tena Jumatatu, kumalizia mzigo uliobaki. Siku hizo tatu hapakuwa na wa kumwita: redio ya mdogo wake ilikuwa hapo mezani, mbele yake.

Jumatatu alitokea getini na begi, sanduku kwapani. Miaka kumi na tisa alikuwa akizitengeneza redio za mlimani, na mlima wenyewe hajaukanyaga.

"Nipe niipeleke," dereva alisema.

"Kebo naifunga mwenyewe."

"Ni mwendo wa saa tisa, fundi, na kiti chenyewe chuma kitupu."

"Washa gari."

Njia nzima alilipakata sanduku, akipanga la kusema atakapofunguliwa mlango. Kila neno alilojaribu lilimwishia mdomoni, naye akaanza upya.