Mke Mdogo Hakuonja

Majina yote ninayo kichwani, ya watu wa Ihanda, ya wazazi wao, na ya mbwa waliokufa zamani. Hapa sitaandikisha hata moja. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho, kaniambia ukishaandika jina la mtu, mtu huyo haji tena kwako kunywa. Hata wa kwenye kitabu siwataji, nao wana ndugu zao.

Msimu huu wa kahawa tumesoma sana. Mkwe ananunua vitabu vya mitumba kwenye gulio la Kayanga, vile vyenye picha ya mwanamke analia au mwanaume ameshika bastola. Kahawa ikishakauka tunakaa kwenye turubai uani kwangu tunachambua, tunatoa mawe na majani. Mikono ina kazi, masikio hayana. Mimi niliishia darasa la tatu, nasoma kwa kidole, nikifika mwisho wa mstari mwanzo wake nimeshausahau. Msomaji wetu ni jirani yangu, mjane kama mimi, migomba yake imepakana na yangu. Alimaliza shule yote ya msingi na ana miwani ya kusomea kanisani. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, na hilo halijawahi kutugombanisha. Kilichotugombanisha ni kitabu.

Tulianza na vya mapenzi. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hakuvipenda. Alisema msichana gani anapigiwa simu anazimia, anapigiwa tena anazimia, na hakuna anayemuuliza kama amekula. Tukaenda kwenye vya upelelezi. Hivyo vikatushika. Ila wifi alikuwa na neno.

"Huyu mpelelezi hana shamba," alisema. "Toka asubuhi anazunguka na gari. Anaishi kwa nini?"

"Analipwa na serikali," mkwe akamwambia.

"Na bado hali kitu. Anakula sigara tu. Huyo hafiki mwisho wa kitabu."

Alifika. Wifi akasema mwandishi kampendelea.

Sasa, kitabu chenyewe. Kuna tajiri mjini, ana sherehe nyumbani kwake. Mdogo wake anafungua chupa, anamimina glasi yake, anaonja mbele ya wageni wote, ndipo anammiminia kaka yake. Tulimpenda pale pale. Wifi alisema yule kijana ana adabu, labda mama yake ni wa huku. Baadaye mke mdogo wa tajiri anamletea mumewe juisi ya pasheni. Anamkabidhi tu. Tajiri anakunywa, anashika koo, anaanguka, anakufa kwenye zulia.

Tulitazamana. Hapakuwa na haja ya mpelelezi. Kwetu anayekupa kinywaji hukinywa yeye kwanza, funda moja, mbele ya macho yako, halafu anakukabidhi kikombe. Iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi, iwe togwa. Mtoto mdogo anajua. Mke mdogo hakuonja, basi ameua. Kitabu kilikuwa bado kinene na sisi kesi tumeimaliza.

Jirani yangu peke yake akakataa.

"Mjini hawaonji," alisema.

"Kama hawaonji ndiyo maana wanakufa," wifi akajibu.

"Waitu jamani, mnamfunga mtoto wa watu kwa sababu ya juisi? Mimi nasema ni dereva."

"Dereva hakuwepo sebuleni!"

"Ndiyo maana namshuku."

Tukabishana kila siku ya kuchambua. Akisoma ukurasa ambao mke mdogo analia, anausoma kwa sauti ya huruma. Mimi namwambia asome kama ulivyoandikwa. Anasema umeandikwa kwa huruma. Ningeuhakiki vipi, mimi na kidole changu?

Zilikuwa zimebaki kurasa chache. Siku hiyo nilitoa rubisi, kahawa ilikuwa imetoka safi. Nikammiminia jirani huku naongea, namweleza wifi jinsi yule mwanamke alivyoingia na trei bila kumtazama mumewe usoni. Nikampa kikombe. Nikaendelea kuongea. Nikageuka.

Jirani alikuwa amekishika kikombe mbali na kifua, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu aliyelowa.

"Hukuonja," alisema.

"Nimesahau."

"Na mke mdogo, yeye hawezi kusahau?"

"Yule ni mwingine."

"Mwingine kivipi? Mmesema asiyeonja ni muuaji. Basi niacheni niondoke ningali hai."

Akakiweka kikombe chini, akavua miwani, akatia kitabu kwapani, akapita kwenye migomba. Wifi alimsindikiza kwa macho. Halafu akachukua kile kikombe akanywa, akasema pombe nzuri, ni hasara iachwe.

Nilidhani atarudi kesho yake. Hakurudi. Kahawa iliyobaki tuliichambua bila kitabu. Wifi alijaribu kutumalizia hadithi kutoka kichwani kwake, mke mdogo akahukumiwa kunyongwa, akakata rufaa, akahukumiwa tena. Mkwe akasema vitabu havifanyi hivyo. Kwenda kisimani jirani alianza kuzungukia njia ya chini, yenye matope, asipite uani kwangu. Naona moshi wa jiko lake unatoka, basi najua yu hai. Hayo tu.

Niseme kwa nini ilinikaa. Nilipoletwa Ihanda kuolewa, natoka Kyerwa, sijui mtu, yeye ndiye aliyenipa kikombe cha kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa ameniwekea tu kibuyu mbele na kuondoka, nami sikuthubutu kukigusa. Huyu, wakati ule mke wa jirani, kijana kama mimi, akamimina, akanywa funda, akanipa. Akaniuliza jina. Si jina la ubatizo, si mama fulani, lile la nyumbani kwetu. Tangu hapo ananiita hilo. Walioniita hilo kule kwetu wameshazikwa wote. Kwa watu wote hapa mimi ni bibi. Amebaki yeye mmoja anayelijua jina langu, na sasa anapita kwenye matope.

Jumapili mkwe alikutana naye barabarani anatoka misa.

"Mama, nimemuuliza kitabu kimeishaje."

"Kasema?"

"Kasema hajakifungua. Kasema hawezi kusoma mbele peke yake, hicho ni cha wote."

Nikamwambia mkwe aniletee vikombe viwili na dumu dogo la rubisi. Nikavifunga kwenye kanga, nikapita kwenye migomba.

"Hodi."

"Kama umefuata kitabu, kiko mezani," alisema kutoka jikoni. "Kama umeleta pombe, mimi nina maji."

"Nimekuja kukaa."

"Kiti kipo. Hakijakatazwa."

Nikakaa. Nikafungua kanga, nikajimiminia kikombe, nikanywa chote, anatazama. Nikajimiminia tena, nikanywa.

"Hiyo ni kuonja au umekuja kulewa?"

"Cha kwanza ni cha siku ile. Cha pili ni cha leo."

Hakucheka. Akamalizia kumenya ndizi zilizobaki, akazitia sufuriani, akanawa mikono, akavaa miwani. Nikammiminia kikombe chake, nikakiweka mezani karibu na kitabu. Hakukigusa. Akasoma.

Alisoma mpaka ndizi zikaanza kunukia kuungua, nikaenda kuzigeuza mwenyewe. Dereva hakuwa na kosa. Mke mdogo hakuwa na kosa. Mpelelezi aliwakusanya wote sebuleni, akawaambia sumu haikuwa kwenye juisi. Ilipakwa ndani ya glasi ya tajiri kabla haijamiminwa kitu, ikachelewa tu kufanya kazi. Na aliyeipaka ni mdogo wake. Yule wa adabu. Yule aliyeonja.

Jirani akafunga kitabu.

"Alionja chupa," nilisema. "Hakuonja glasi ya kaka yake. Kwetu unaonja kikombe cha mgeni."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi mila haina kosa. Mwandishi ndiye hajui kuonja."

"Anaandika vizuri, lakini," alisema. "Dereva amenidanganya mpaka mwisho."

Kisha akakitazama kile kikombe chake mezani. Akanitazama mimi.

"Na wewe," alisema, "umeonja kikombe kipi?"

Nikavitazama vikombe.

"Changu."

"Mara zote mbili chako."

"Mara zote mbili changu," nikakubali.

"Na hiki hukukionja, na umetoka nacho kwako?"

"Nimetoka nacho."

Akavua miwani akaikunja. Akakiinua kikombe, akanywa bila kupumzika mpaka chini, akafuta mdomo kwa kanga yangu. Halafu akanisukumia kikombe kitupu mezani, akaniita lile jina langu, akaniambia nijaze.