Nilivyoandika neno "bangi" kwenye makopo ya mafuta ya mke wangu

Wakuu, ilikuwa Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kopo la kwanza liliporudishwa nyumbani kwetu hapa Kamembe. Saa niliiandika kwenye daftari, kwa hiyo ninayosimulia si ya kukisia.

Mke wangu, Maman Neema, huuza mafuta ya ngozi kwa akina mama wa kanisa. Mwezi ule mtaji wake wote ulikuwa makopo arobaini, ya kuuza faranga 3,500 kila moja.

Mimi ni mtu wa kusoma maandishi madogo. Nyuma ya kopo nikakuta neno linalool. Nililifuatilia kwa wiki tatu.

Ni kiungo cha harufu. Kinanukia maua na husemekana kutuliza. Kimo kwenye lavenda, kwenye giligilani, na kwenye lumbalumba, ule mrihani wa kando ya nyumba.

Kimo pia kwenye bangi.

Nikaona mteja ana haki ya kujua. Jumamosi nikakata karatasi arobaini, nikaandika kwa mkono: "Ina linalool, kiungo cha harufu kilichomo kwenye maua, lumbalumba na bangi. Hailevyi." Nikabandika kwa gundi.

"Papa Neema, nani alikuuliza?" mke wangu akasema.

Jumapili baada ya ibada aliuza makopo thelathini na moja. Watu hawasomi wakiwa wamevaa vizuri.

Kesho yake ndipo akaja Maman Rehema, mwimbaji wa korali, kopo mkononi.

"Maman Neema, hapa banaandika bangi. Miye nilishapaka miguu yote mbili, nikaenda kuimba. Sasa Mungu alikuwa anasikia miye, ao alikuwa anasikia bangi?"

Nikaingilia kati kumtuliza. Nilimweleza kwamba hata chai ya lumbalumba anayokunywa akiwa na mafua ina kiungo hichohicho.

Hilo lilikuwa kosa la pili. Kufika jioni, akina mama watatu wa mtaa wetu walikuwa wameng'oa lumbalumba zao.

Kufika Jumatano makopo ishirini na saba yalikuwa yamerudi, na mke wangu amerudisha fedha zote. Sita yalikuwa yameshafunguliwa. Hayo tunajipaka wenyewe mpaka leo.

Hakunigombeza. Alinipikia, akanitengea, akaenda kula jikoni. Wenye ndoa ndefu mnaelewa.

Alhamisi wakasimama mlangoni madereva wawili wa malori ya saruji, kutoka Muganza.

"Mzee, iko ile pomade?" mmoja akauliza.

"Ipo. Lakini hailevyi."

"Tunaelewa, Mzee." Akanikonyeza.

"Hakuna bangi ndani. Ni harufu tu inayofanana."

"Na siye tunasemaka vile vile kwa bapolisi. Tutatoa elfu tano tano."

Nikachukua kopo niwasomee karatasi. Mke wangu akaniambia, kwa upole, niende nikaangalie kama mbuzi wamekunywa maji.

Hatuna mbuzi.

Hadi Ijumaa jioni makopo yote thelathini yaliyobaki yalikuwa yameisha, kwa bei hiyohiyo. Kila mnunuzi nilimwambia hailevyi. Kadiri nilivyokanusha, ndivyo alivyozidi kuniheshimu.

Jumamosi mmoja wao akarudi. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Mzee, nimelala mu kabini masaa manane. Sijawahi."

"Kabla ya hapo ulikuwa hujalala muda gani?"

"Siku mbili."

Kwenye daftari nikaandika: haijathibitika. Lakini viwiko vyake, vilivyokuwa vimepasuka kwa vumbi la saruji, vilikuwa laini. Hilo naweza kulieleza. Hakuniuliza.

Jumapili akaja tena Maman Rehema. Mume wake naye ni dereva wa lori, na alikuwa amerudi nyumbani akinukia maua, kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa. Akanipa mgongo, akamnong'oneza mke wangu:

"Ile yenye haina karatasi, iko?"

Nilichojifunza, wakuu: maneno yangu yalikuwa ya kweli kuanzia kopo la kwanza hadi la arobaini. Korali ilisoma bangi ikakimbia, madereva walisoma bangi wakaja mbio, na "hailevyi" nimeisoma mimi peke yangu.

Aliyewahi kuelimisha wateja wa mke wake aeleze hapa yaliyomkuta.

Hesabu: tulitarajia 140,000, zikaingia 164,000. Ziada ni ya Maman Neema. Karatasi na gundi amesema ni juu yangu.

Hasara yangu: faranga 1,200.