Ziwa Lilipopanda Kanoni

Enzi zetu za utoto pale Kanoni, hapakuwa na mtoto aliyewahi kuliona ziwa kubwa, na hapakuwa na mtoto asiyeliogopa. Kutoka kwetu Karagwe hadi ufukoni ilikuwa safari ya siku kadhaa kwa miguu, kilima baada ya kilima. Hata hivyo kila jioni, tukiwa tumekaa juu ya nyasi zilizotandazwa ndani ya msonge, tulisikia mawimbi. Yalitoka kinywani mwa shangazi.

Shangazi, dada yake baba, aliolewa na mvuvi huko ufukoni upande wa Muleba. Asubuhi moja mume wake alitoka na mtumbwi, ziwa likammeza. Shangazi akarudi kwetu na mkeka, kibuyu na hadithi. Mama akiwa amefunika ndizi kwa majani ya mgomba, mvuke ukinukia nyumba nzima, na sisi tukitafuna senene, wale panzi wa masika, waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, shangazi alianza kutuhadithia habari za madude ya chini ya ziwa. Ngozi zao zilikuwa na ukoga wa kijani. Vichwa vyao vilikuwa virefu na bapa. Macho yao hayakuwa na kope, kwa hiyo hayakulala kamwe.

Kijana wa leo, mwenye nywele za kupaka mafuta na baiskeli ya kengele, ukimwambia kuna dude bondeni atakuuliza limeandikwa katika gazeti gani. Sisi hatukuuliza. Tulisogea tu karibu na moto.

Lakini katika hadithi ile ya kwanza madude yalikaa majini. Mtoto wa Kanoni, ambaye maji yake yote yalikuwa chemchemi ndogo chini ya migomba, aliweza kulala. Sehemu ya pili ndiyo iliyotuondolea usingizi, nayo ilianza mwaka ule Paskali alipoanza kupita kwetu.

Paskali alikuwa kijana wa kule kule Muleba, mchuuzi wa samaki wakavu. Kila alipopita aliomba maji ya kunywa, na dada Koku, mkubwa wetu, ndiye aliyekwenda kuyaleta. Ajabu ni kwamba kata ya maji, iliyokuwa haijahama mahali pake tangu nizaliwe, dada Koku alikuwa akiitafuta muda mrefu sana siku za Paskali.

Basi shangazi akayatoa madude majini. Yamechoka kungoja watu, alisema. Sasa yanapanda milima, yanatafuta wasichana waliofikia kuolewa, yawapeleke chini ya ziwa wakayapikie.

"Shangazi, nchi kavu yatapumuaje?" aliuliza mdogo wangu Kemi.

"Yanabeba ziwa lao. Hamlioni asubuhi?"

Tuliliona. Nani aliyelelewa Karagwe asiyelijua? Asubuhi za masika ukiamka, mabonde yote yamejaa ukungu mweupe, umetulia kama maji, na vilele vya vilima vimebaki juu yake kama visiwa. Majogoo wanawika chini huko usikokuona. Moshi wa nyumba za watu unachomoza kutoka kwenye weupe ule. Tangu jioni ile sikuwahi tena kuuona ukungu. Nililiona ziwa limepanda, nikasikiliza ndani yake kitu kinachotembea polepole, kwa sababu nchi ni nzito kwa asiyeizoea.

Dada Koku yeye hakusikiliza. Alimenya ndizi zake, maganda yakianguka kwa hasira.

Siku ya posa ya Paskali ikafika. Baba alikuwa amekubali kuwasikiliza wageni, alibaki shangazi. Kwetu, wageni wa posa hupewa kahawa ya kutafuna na shangazi wa binti, na binti akiolewa, shangazi huyo ndiye anayemsindikiza hadi kwa mume. Mwingine hawezi kushika nafasi hiyo. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kulisema mbele yake.

Alfajiri mama alitutuma mimi na Kemi tukakate nyasi mpya za kutandaza sakafuni. Tulikuwa mteremkoni, umande ukitulowesha magoti, ukungu umejaa bondeni chini yetu, ndipo ikaja harufu ya samaki. Kisha ndani ya weupe kikachomoza kichwa kirefu, bapa. Nyuma yake kingine. Vilipanda taratibu, vikihema.

"Yamekuja!" Kemi akapiga kelele. "Yamemfuata dada!"

Nyasi tuliziacha pale pale. Tulikimbia hadi nyumbani, tukaufunga mlango wa matete na kuukaza kwa mchi. Baba na mama walikuwa nyuma, shambani, wakikata ndizi za wageni. Ndani walikuwamo shangazi na dada Koku, aliyekuwa akijipaka samli mikononi.

"Madude, shangazi! Vichwa virefu!"

Nje ikasikika sauti ya mzee. "Hodi wenye nyumba! Au huku Karagwe watu hulala mpaka jua la utosi? Mizigo ya samaki inatuvunja shingo."

Hapo nikaelewa vile vichwa vilikuwa nini: mizigo mirefu ya samaki wakavu vichwani mwa watu. Nikaelewa pia tulichofanya. Wageni wa posa wakikuta mlango umefungwa na kumekwisha kucha, hawagongi tena. Hugeuka wakaenda zao, na hawarudi. Mlango ndio umewajibu.

"Shangazi, fungua," dada Koku alisema kwa sauti ya chini.

"Sikufunga mimi."

"Lakini ni wewe utakayefungua. Wakishageuka, yamekwisha."

"Wewe hulijui ziwa, Koku."

"Nitalijulia wapi? Mtu wa kunifikisha huko ni wewe peke yako, na wewe umekaa hapa unawatisha watoto."

Nilidhani shangazi atampiga. Nje tulisikia wageni wakiinua mizigo, mmoja akiguna. Mzee yule akasema, "Paskali, twende, mwanangu."

"Mjomba, ngoja kidogo," Paskali akajibu. "Kidogo tu."

Shangazi akainuka. Aliuondoa mchi, akafungua mlango, mwanga na ukungu vikaingia pamoja. "Shikamoo, mzee. Karibuni," alisema. "Watoto walikuwa wakicheza na mlango." Kisha akachukua kikapu kidogo cha kahawa, akawapa wageni mmoja mmoja kwa mkono wake. Wa mwisho alikuwa Paskali. Kemi alikuwa amejibanza nyuma ya nguo ya shangazi, akimchungulia kijana yule usoni kwa karibu.

"Ana kope!" akatangaza.

Mjomba alicheka hadi punje ya kahawa ikamtoka kinywani. Paskali, maskini, hakujua kama anasifiwa au anatukanwa; akazipepesa kope zake kwa adabu. Na shangazi, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akaficha uso kwa kitambaa, mabega yakimtikisika. Hata leo sijui kama kilikuwa kicheko kitupu.

Siku ya kumpeleka dada kwa mume ukungu ulijaa tena. Shangazi alitangulia na fimbo, dada Koku akamfuata amefunikwa nguo. Ukungu uliwafika magotini, kiunoni, mabegani. Kemi akanishika mkono akauliza kama wanazama. Nikamwambia wanatembea tu. Baadaye dada alitusimulia kwamba walipofika ufukoni shangazi aliweka fimbo chini, akaingia majini hadi kwenye vifundo vya miguu, akanawa uso. Ndipo akamwambia, "Njoo, mwanangu. Ni baridi, lakini utazoea."

Sasa bi harusi wa Kanoni anapakiwa kwenye lori la kahawa pamoja na masanduku na santuri, na shangazi anaachwa mlangoni akipunga mkono. Kabla jua halijatua vijana wamekwisha kuliona ziwa, hata hawakupata nafasi ya kuliogopa. Nawaonea wivu kwa mwendo wao. Ila ninapowatazama wakipotea bondeni, naona hakuna mtu anayetembea mbele yao.