Chipu Iliyookoka

Mjomba alikuwa amenipatia kazi ya ukarani kwenye ghala la saruji, nianze Jumatatu. Nilimwambia mama kwamba mashine yangu ikikataa hadi Ijumaa, basi naenda kuhesabu mifuko ya saruji hadi nizeeke. Sikuitaka saruji hata kidogo.

Mashine yenyewe ilikuwa chaja ya sola. Nilikuwa nimepandisha paneli juu ya paa la jiko letu la Makongeni, paa fupi ambalo mtu akipanda stuli analifikia, nikaiunganisha na chipu niliyoiandikia programu mwenyewe. Kazi ya chipu ni kutafuta pale paneli inapotoa umeme mwingi zaidi: inasukuma volti kidogo, inapima, umeme ukiongezeka inaendelea, ukipungua inarudi nyuma. Ni kama mpishi anayeongeza chumvi huku akionja, ila huyu ana bahati ya kuweza kuitoa. Kila kipimo kiliandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Mchana nilikuwa kibandani Kariobangi nikitengeneza redio za watu, jioni nikirudi nasoma kadi.

Kadi hiyo ilitaka kunitoa akili. Asubuhi umeme ulipanda vizuri, ilipofika saa nne ukaanguka, ukalala hapo hadi saa kumi, kisha ukaamka. Saa nne hadi saa kumi! Wakati jua linachoma hadi mbwa wa mtaa wanagombania kivuli, chipu yangu inapumzika. Nilibadilisha programu. Nikasuka koili upya. Nikanunua kipimo kingine cha umeme. Wapi! Saa nne ikifika, chali.

Kisha nikaona jambo la kutia wazimu: Jumapili umeme hauanguki. Jumapili zote, kutwa nzima, umeme safi. Nilimwonyesha fundi ninayeshiriki naye kibanda.

"Hiyo chip imeokoka," akasema bila kucheka. "Weekday inagoma, Sunday inatumikia Mungu. Ipeleke iombewe, itakuwa poa."

Nilikasirika. Lakini ukweli niuseme: jioni ile nilifungua programu nikatafuta mahali ambapo chipu ingeweza kujua siku ya wiki. Ilihesabu dakika tu tangu niiwashe asubuhi, kalenda haikuwa nayo. Nilitafuta mara mbili.

Alhamisi sikwenda kazini. Nilijifungia chumbani, waya umepita dirishani, macho kwenye tarakimu. Saa nne, pap, zikaanguka. Nikatoka mbio.

Mama alikuwa amesimama juu ya stuli akitandaza kitambaa kwenye paneli. Kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua, pembe zake tatu zimekaliwa na mawe. Kwetu kila kitu cha thamani kina kitambaa: makochi, televisheni, chupa ya chai, hata mtungi wa gesi. Hiki alikuwa amekifuma kwa kipimo cha paneli. Jumapili hakukitandaza kwa sababu alishinda kanisani.

Nilimpazia sauti, na hadi leo najuta. "Mama! Wiki tatu naumiza kichwa, kumbe ni wewe!"

"Ni mimi nimefanya nini? Hilo jua unaliona? Naifunika likiwa kali, naifunua kabla hujarudi."

"Lakini mama, hiyo kitu inakula jua!"

"Hata wewe unakula ugali, na huwezi maliza sufuria yote."

Nilicheka hadi nikakaa chini, kwenye vumbi, na hasira ikanitoka yote. Yeye hakucheka. Alikuwa bado juu ya stuli, ameshika jiwe la nne.

"Tangu utoke shule umeanza vitu mingi," akasema. "Hii ndiyo ya kwanza umemaliza. Sasa niiache iungue?"

Haikuwa imemalizika. Nusu ya vipande vyake vilikuwa vimeshikiliwa na seloteipu. Nilishindwa kumwambia. Nilimshika mkono akashuka, nikampigia mjomba palepale, mama akisikia, nikamwambia ile kazi ampe mtu mwingine.